Binti hasemi nami, kwa shangazi yake anacheka

Wadau, binti yangu yuko kidato cha pili hapa Tanga. Tangu baba yake ahamie Mwanza kikazi, kwangu ni "ndiyo mama", kisha chumbani. Kwa wifi yangu Raskazone anapiga soga mpaka magharibi. Nimkataze kwenda?

Bibi wa Pangani: Usithubutu, mwanangu! Sisi kila mwari alikuwa na somo wake, mwanamke wa kumfunda, na somo hakuwa mama mzazi. Yapo mambo mtoto hamwambii aliyemzaa.

Mwalimu wa malezi: Baba ampigie mtoto mwenyewe, asipitie kwako. Akianza kujifungia hata kwa shangazi, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Muulizaji: Haya, aende. Ila wifi anamwachia simu usiku kucha, hilo tutagombana.