Mjadala: Je, skana za mwili zenye kasi zaidi ziwekwe JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi?

Abiria wa Embakasi: Kwa miaka mingi anayesafiri kupitia JKIA amekuwa akishuka garini na kukaguliwa kabla hata ya kuufikia mlango, kisha kukaguliwa tena ndani. Napendekeza skana za mawimbi ya milimita, yaani mawimbi mafupi ya redio, kwa kuwa njia mpya za hesabu huunda taswira kwa kasi kubwa, na asiye na la kuficha hana sababu ya kuwachelewesha wenzake.

Mvaa Buibui: Hayo maneno ya mwisho yameniudhi, kaka. Mimi sifichi kitu, najisitiri. Mawimbi hayo hupenya nguo na kuakisiwa na ngozi, kwa hiyo taswira ghafi huonyesha umbo la mtu, ilhali kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya, kinachohusu faragha, kinanilinda hata nikiwa kwenye foleni.

Mzee wa Eastleigh: Si ndizo zile zilizosemekana kuleta saratani, zilizoenea baada ya yule kijana aliyeficha bomu ndani ya chupi kwenye ndege ya kwenda Detroit, Marekani, mwaka 2009?

Fundi wa Redio: Hapana, mzee wangu, zilizozua hofu hiyo ni za eksirei, na Marekani iliziondoa viwanjani mwaka 2013 kwa sababu ya faragha. Hizi hutumia mawimbi ya redio yasiyo na nguvu ya kuvunja chembe za mwili, na mlinzi huonyeshwa mchoro ule ule wa kibonzo kwa abiria wote, wenye alama mahali panapotiliwa shaka. Kuhusu kasi, njia ya kawaida hujumlisha mwangwi wa kila antena kwa kila nukta ya mwili, kazi ambayo ni kubwa mno, lakini hesabu za Fourier, zinazoyachambua mawimbi kwa masafa yake, huzipata nukta zote kwa pamoja, mradi antena zimepangwa kwa nafasi sawa. Antena zikipunguzwa ovyo ili kuokoa fedha, taswira hujaa vivuli vya uongo.

Mvaa Buibui: Kutoonyeshwa si kutoundwa. Kompyuta lazima iunde taswira yangu kwanza, nami nauliza ni nani atakayethibitisha kwamba imefutwa, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka data isihifadhiwe kupita haja yake.

Abiria wa Embakasi: Mimi niliuliza juu ya foleni, naona sasa nashtakiwa kwa buibui la watu.

Fundi wa Redio: Foleni haisababishwi na hesabu peke yake, bwana. Katika majaribio ya Hamburg ya 2010 na 2011, kengele za uongo zilikuwa nyingi, kwa kuwa mikunjo ya nguo na jasho viliichanganya mashine, na kila kengele humrudisha abiria kwenye kupapaswa. Kasi itasaidia pale tu itakapotumika kupata taswira safi zaidi katika muda ule ule.

Mvaa Buibui: Basi mwenye mikunjo mingi ndiye atakayepapaswa zaidi. Kabla ya kununua mashine yoyote, nataka kujua kama kila zamu itakuwa na mlinzi wa kike na chumba chenye pazia.

Abiria wa Embakasi: Hilo la mlinzi wa kike nakubaliana nalo, dada, ila foleni bado haijajibiwa.