Mashuka meupe yanageuka manjano kila yakitiwa jiki, shida ni nini?

Mama Foronya
Wakuu, habari za leo. Ni mashuka ya gesti, Nkuhungu, Dodoma: mengine pamba tupu, mengine pamba na polista. Maji ni ya kisima kirefu. Kila yakitiwa jiki yanazidi umanjano, mengine yana madoa ya kutu. Wauzaji pale Majengo kila mmoja anasifia chake: jiki "kali", bluu, au unga wa oksijeni (wa kung'arisha bila klorini). Nichukue kipi, na kipimo chake?

Dobi wa Ilazo
Usinunue kitu kabla ya kupima maji, dada. Chota glasi ya maji ya kisima, tia kijiko cha chai cha jiki, acha nusu saa juu ya karatasi nyeupe. Yakiwa na rangi ya chai hafifu, yana madini ya chuma. Klorini ya jiki hukigeuza chuma kilichoyeyuka kuwa kutu, nayo hushika kwenye nyuzi. Ukiongeza jiki hapo unaongeza kutu.

Kuondoa: suuza mashuka mpaka harufu ya jiki iishe kabisa. Kisha vijiko 2 vya mezani vya unga wa asidi ya ndimu kwa lita 10 za maji ya moto kiasi, loweka dakika 30, suuza. Asidi na jiki VISIKUTANE kwenye beseni moja, hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Siki na dawa ya choo yenye asidi ni vilevile.

Kibandiko
Naongeza. Hata maji yakiwa safi, mpangilio ni muhimu. Watu wanamwaga sabuni ya unga na jiki pamoja. Sabuni nyingi za unga zina king'arishaji, kinachonyonya miale ya jua isiyoonekana na kurudisha mwanga wa bluu, ndiyo maana shati linawaka juani kuliko ndani. Jiki huharibu vingi vya ving'arishaji hivyo, na vimeng'enya (vinavyovunja uchafu) pia. Fua kwanza, suuza, ndipo jiki: mililita 100 ya asilimia 3.5 kwa ndoo ya lita 20 ya maji baridi, dakika 10 hadi 15, pamba tu. Sufu, hariri na nguo za kuvutika zisiguswe.

Vumbi letu jekundu jiki hailitoi hata kidogo. Kung'uta shuka likiwa kavu kabla halijaona maji.

Mama Foronya
Asante. Maji yamegeuka rangi kweli. Hayo ya polista je? Na bluu?

Dobi wa Ilazo
Polista tumia unga wa oksijeni: vijiko 2 vya mezani kwa lita 10, maji ya nyuzi 50 hadi 60, saa nzima. Kwenye maji baridi unalala tu. Tengeneza unaotumia siku hiyo. Ukiufungia kwenye chupa ukiwa umeshatiwa maji, gesi inaipasua. Usiuchanganye na jiki, vinauana nguvu.

Bluu haisafishi, inaficha umanjano. Iyeyushe kwenye kikombe, chuja kwa kitambaa, ndipo umimine kwenye maji ya suuzo la mwisho. Iwe hafifu, bluu ya anga. Shuka likiwa na sabuni bado, aina fulani za bluu huvunjika na kuacha kutu, ukarudi kulekule.

Kibandiko
Kuhusu hao wauzaji: onyesho lao la kutia iodini kwenye maji, halafu unga ukaifuta rangi, halithibitishi chochote kuhusu mafuta ya mwili kwenye foronya. Hata magadi yakikolea huweza kuifuta. "Kali" bila asilimia ni neno tu. Tafuta asilimia ya klorini, tarehe ya kutengenezwa na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Jiki ya kupimiwa kwenye chupa angavu ya maji iliyokaa juani imeshapoteza nguvu, na mtoto anaweza kuinywa akidhani ni maji.

Dobi wa Ilazo
Na kama kuna bomba la mtaa lisilo na chuma (lipime vilevile), jiki na suuzo la mwisho vifanyie kwa maji ya bomba hilo. Ya kisima yabaki ya kuloweka na kutoa vumbi.