Kikundi «Familia ya Koko – Kyeshero, Goma»: shemine (mahali pa kuota moto wa kuni) ya uani

SIKU YA POSHO (JUMAMOSI)

18:51 – Furaha: Jambo familia. Nani ameangalia picha nilizotuma jana? Naona mumezifungua karibu wote, majibu hakuna.

18:52 – Furaha: Shemine hiyo iko Gisenyi, kwa ile nyumba tulikulia ubatizo wa mtoto wa Aline. Munaona mawe yale? Si mawe! Ni simenti tupu. Fundi amepaka, akachonga, akatia rangi. Nilipitisha mkono juu yake, nikamwita mwenye nyumba aniapie.

18:54 – Furaha: Yaya Paluku anafika katikati ya mwezi wa saba na mke na watoto. Kiangazi, usiku baridi. Tutawazungusha kwa mbabula ya makala kama walinzi wa depo?

18:54 – Furaha: Kila nyumba dola 30. Nakusanya mimi. Fundi Safari nimeshaongea naye.

19:20 – Bahati: 😂

19:21 – Furaha: Bahati, kucheka si mchango.

19:34 – Bahati: Shangazi samahani. Lakini mawe ya uongo, hapa Goma? Si ni kama kuuza samaki sambaza za plastiki kwa soko la Kituku

19:34 – Neema: 😂😂😂😂

19:35 – Aline: Bahati weee

19:36 – Bahati: Nasema kweli. Ukitoka mlangoni unajikwaa kwa jiwe. Ukitaka mchicha unapanda juu ya jiwe. Chukudu mbili tu, zile baiskeli za mbao, zinaleta mawe ya shemine na ya kanisa lake

19:41 – Furaha: Bahati, 2002 ulikuwa na miaka mingapi?

19:42 – Bahati: Miwili

19:44 – Furaha: Basi. Mimi tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, nilitoka kartie Virunga na bidoni moja, na wewe mgongoni, maana mama yako alikuwa na mimba ya Neema. Niliporudi, parseli, kiwanja chenyewe, ilikuwa jiwe jeusi toka mwisho hadi mwisho, na bado lilikuwa linafuka. Hayo mawe mazuri yenu nimeyakanyaga miaka yote hii. Nikikaa kuota moto jioni sitaki kuyaangalia. Nataka rangi ya asali.

19:45 – Aline: ❤️

19:52 – Kasereka: Shikamoo Shangazi. Urembo unakuja mwisho, tuanze na ndani. Simenti ya kawaida haipendi moto. Ikipita digrii 300 hivi inaanza kupoteza nguvu, baadaye inabanduka vipande. Pale kuni zinapowaka kunatakiwa matofali ya kuhimili moto, pamoja na mota yake ya kuungia. Si mota ya ukuta wa choo.

19:53 – Kasereka: Na kabla Bahati hajasema: mawe ya volkano ndani ya moto, hapana. Yana matundu, yanakunywa mvua. Ukiwasha, maji yanakuwa mvuke, mvuke unatafuta njia, jiwe linaruka. Mtoto wa Yaya Paluku amekaa mbele.

19:55 – Kasereka: Kwa hiyo: matofali ndani, bloki nje, na katikati nafasi ya sentimita mbili bila kujaza mota. Ndani kunavimba kwa joto. Vikibanana, mawe ya Shangazi yatapata nyufa kabla ya Krismasi.

19:56 – Bahati: Na gri ya kuchomea michopo iko wapi kwenye hiyo plani?

19:57 – Neema: Swali la kwanza la maana leo

19:57 – Aline: Mbuzi au ng'ombe?

19:58 – Bahati: Mbuzi. Ng'ombe ni ya watu wenye meno

19:58 – Aline: Na fromaji ya Masisi, unaiweka kwenye jiwe la moto kidogo tu, inalegea...

19:59 – Kasereka: Jamani. Matofali ya kuhimili moto hayapatikani kila duka. Lazima yaagizwe WIKI HII. Nani anaagiza?

20:00 – Neema: Aline usiweke fromaji nzuri kwa moto, ni dhambi

20:00 – Aline: Umewahi kujaribu?

20:03 – Furaha: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

20:07 – Bahati: Shangazi niko kwa teksi siwezi kusikia, andika

20:09 – Furaha: Nimesema hivi. Kasereka aeleze vile mawe yanachongwa, ili wenye kucheka wajue si rangi ya kupaka tu. Na nimesema shemine itakaa chini, ndani ya shimo la duara. Ngazi tatu za kushuka, viti vya simenti kuzunguka. Vile watu wa Ulaya wanafanya.

20:16 – Kasereka: Sawa. Juu ya bloki unafunga wavu wa chuma. Tabaka la kwanza, simenti 1 mchanga 3, unalikwaruza likiwa bado bichi ili la pili lishike. Halafu tabaka la kuchonga, nene, sentimita 2 mpaka 4. Hapo unangoja. Likianza kukaza, kidole hakizami lakini msumari unaingia, njo saa ya kazi. Unachora viungo, jiwe kubwa, jiwe dogo, hakuna mawili yanayofanana. Unakunja mfuko wa plastiki ovyo, unaubonyeza juu, unapata ngozi ya jiwe. Kingo unazivunja kwa kijiko. Ukichelewa, umepata ukuta. Ukiwahi, umepata ugali.

20:17 – Kasereka: Rangi ni oksidi ya chuma. Njano, kahawia, nyekundu kidogo, na unazichanganya ndani ya maji tofauti tofauti. Mtu akipaka rangi moja kote, hata kipofu atajua ni simenti.

20:18 – Furaha: MUNAONA

20:19 – Kasereka: Kisha kumwagilia maji siku 7. Moto, siku 28 zikiisha, tena moto mdogo wa vijiti kwanza. Ndiyo maana nasema matofali wiki hii. Piga hesabu toka leo mpaka katikati ya mwezi wa saba.

20:25 – Mjomba Déo: Jambo wote. Nilikosa mega za intaneti. Nani anaoa?

20:26 – Bahati: 😭😭

20:28 – Furaha: Hakuna anayeoa Mjomba. Soma juu. Bloki hatutanunua zote. Chini, mahali hapaonekani, tutaweka mawe yaliyobaki kwa Kambale. Kambale uko?

20:33 – Kambale: Yalikwisha.

20:33 – Furaha: Yalikwisha wapi?

20:34 – Kambale: Kwa ukuta. Unaujua ukuta.

20:35 – Furaha: Naujua sana. Kila nikipita kwako naona parseli yangu imesimama wima, ina geti na taa.

20:36 – Kambale: Furaha tulishaongea hii mambo.

20:36 – Furaha: Mimi na nani? Mimi nilikuwa Butembo. Nilirudi nikakuta lori zimeshabeba.

20:38 – Kambale: *Ujumbe huu umefutwa*

20:38 – Furaha: Nimeshausoma.

20:39 – Yaya Paluku: Tusianze tafadhali. Huku Brussels niko kazini.

20:40 – Bahati: Kwa hiyo mbuzi imekubaliwa?

20:40 – Aline: Bahati nyamaza

20:47 – Kasereka: Kwa wanaotaka kujua bomba la moshi: eneo la ndani lisipungue sehemu moja ya kumi ya mdomo. Mdomo ukiwa sentimita 90 kwa 70, bomba 26 kwa 26. Likiwa dogo moshi unarudi kwa watu.

20:48 – Kasereka: Na matofali?

20:55 – Neema: Koko, mzee wetu, ameniomba nimsomee yote toka juu. Nimemsomea. Sasa anasema, mimi naandika tu vile anasema.

20:59 – Neema: «Jambo watoto. Shimo, hapana. Hii ni Kyeshero. Mazuku, ile hewa ya sumu, haina harufu, haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inatafuta mahali pa chini na kukaa pale kama mgeni asiyeaga. Kuku waliokufa nyuma ya choo, munasema ni ugonjwa? Kuku wa kibanda cha juu hawakuugua. Mbwa wa jirani alilala mferejini, asubuhi hakuamka. Usiku bila upepo njo wakati wake, na usiku bila upepo njo munataka kushusha watoto ngazi tatu. Mtoto ni mfupi, yeye njo anaanza. Hata moto wenu utazimika, mutasema kuni ni mbichi. Jengeni juu ya udongo, watu wakae kwa viti.»

21:00 – Yaya Paluku: Ndiyo Koko.

21:00 – Aline: Ndiyo Koko

21:00 – Kasereka: Koko ana haki. Nilipaswa kuliona mimi kwanza.

21:03 – Neema: Hajamaliza.

21:06 – Neema: «Mawe ya Virunga nilitoa mimi. Kambale aliniomba, nikamwambia chukua. Jiwe halikuwa na kazi, na yeye alikuwa anajenga na watoto wanalala kwa shitingi ya plastiki. Furaha alikuwa Butembo, simu hakuna. Aliporudi nilisema nitamwambia kesho, kesho ikawa miaka. Mwenye deni ni mimi. Anayedai anajua baraza yangu iko wapi.»

21:07 – Neema: Amerudisha simu. Amekwenda kusali.

SIKU YA YENGA (JUMAPILI)

06:12 – Furaha: Jambo Koko. Umelalaje? Shimo tumeacha.

06:13 – Furaha: Rangi ya asali haijabadilika.

08:40 – Bahati: Shangazi mimi nina dola 15 sasa, zingine mwisho wa mwezi

08:41 – Furaha: Aksanti. Ndiye wa kwanza, yule aliyecheka. Wengine munaona.

11:15 – Aline: Tuko misani, nitatuma jioni

12:58 – Yaya Paluku: Nilikuwa nafikiri. Kitako cha shemine, mpaka magotini, tungefanya kwa jiwe la volkano lenyewe. Moto hauligusi pale. Halafu kutoka hapo kwenda juu, simenti ya Furaha. Watoto wangu hawajawahi kuligusa. Wanajua la video za 2021 tu, lile la Buhene.

13:20 – Furaha: Yaya, wewe utakaa wiki tatu halafu urudi. Mimi njo nitaliangalia.

13:21 – Yaya Paluku: Nimesema nilikuwa nafikiri tu.

13:22 – Furaha: Tutaona.

13:30 – Mjomba Déo: Sijaelewa. Shemine iko ndani au nje?

13:31 – Neema: Nje Mjomba

13:31 – Mjomba Déo: Na mvua?

13:33 – Kasereka: Swali zuri. Bomba linawekewa kofia juu, na usawa wa mbele unainamishwa kidogo maji yatoke. Simenti ya kuchonga inapakwa dawa ya kuzuia maji ikishakauka kabisa. Bila hivyo msimu wa mvua wa mwezi wa kenda utakula rangi.

13:34 – Bahati: Kasereka unalipwa kwa neno?

13:36 – Kasereka: Silipwi kabisa. Matofali jamani.

16:05 – Furaha: Fundi Safari anakuja siku ya kwanza asubuhi kupima. Anasema mchanga wetu wa pale nyuma ni mavumbi ya volkano na una uchafu, tupate mwingine uliooshwa. Dola zilizofika mpaka sasa: Bahati 15. Yaya Paluku amesema ametuma, sijaona.

16:09 – Yaya Paluku: Nimetuma kwa namba ya Aline.

16:10 – Aline: Kwa namba yangu gani? Ile ya zamani??

16:11 – Yaya Paluku: Ile inayoishia na 7

16:14 – Aline: Yaya ile laini anayo fundi nguo

16:14 – Bahati: Sasa fundi nguo njo ana shemine

16:15 – Neema: 😂😂😂

16:30 – Aline: Nakwenda kwake sasa hivi. Ni mtu wa kanisa. Mungu anisaidie

18:22 – Kambale: Wavu wa chuma ninao. Ulibaki. Mita sita.

18:40 – Furaha: Umpe Bahati aulete.

18:41 – Kambale: Bahati hana nguvu.

18:41 – Bahati: ??

18:43 – Kambale: Uje uutazame mwenyewe kama unafaa. Una kutu kidogo.

19:10 – Furaha: Kesho niko na fundi. Siku ya pili niko sokoni. Siku ya tatu labda.

19:11 – Kambale: 👍

19:12 – Furaha: Nimesema labda.

19:26 – Mjomba Déo: Mimi nitatoa kuni. Dola sina.

19:27 – Furaha: Kuni si makala Mjomba. Makala inatoa joto lakini hakuna ndimi za moto, watoto wanataka kuona moto.

19:28 – Mjomba Déo: Kuni. Nimesema kuni. Ule mti wa grevilea ulioanguka.

19:30 – Kasereka: Zikauke miezi, Mjomba. Zipasue leo.

19:31 – Mjomba Déo: Leo ni siku ya Yenga.

20:02 – Aline: Fundi nguo amerudisha. Alikuwa ameshakata dola 10, anasema ni deni la suruali ya Bahati

20:02 – Bahati: Uongo

20:03 – Bahati: Ilikuwa 8

20:05 – Furaha: Bahati, sasa una mchango wa dola 5.

20:20 – Kasereka: Nimeuliza bei ya matofali ya kuhimili moto. Anayeagiza lazima alipe nusu kesho kabla ya saa sita mchana. Nani?

20:51 – Kasereka: Ninaona mumesoma.