Tupeane uzoefu: Ni nani aliyewahi kudai fidia baada ya kuumwa na mbwa?

Mkaazi wa Barani
Assalaamu alaykum, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote. Jana asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya hospitali hapa Malindi akaletwa kwa bodaboda kijana muuza samaki, shavu la mguu limechanwa na mbwa wa nyumba moja ya ufukoni, na kitambaa alichofungwa nacho ni kile kile alichokuwa akifunikia ndoo yake. Waliomleta walijadili sindano, bei ya sindano na mahali pa kuinunua iwapo hospitali imeishiwa, wala hakuna hata mmoja aliyemtaja mwenye mbwa. Waliowahi kudai haki yao, iwe mahakamani au kwa maelewano, naomba watueleze ilivyokuwa.

Mama wa Muyeye
Ni kweli kabisa. Kwetu aliyeumwa hupewa pole na nauli, na habari ikaishia hapo.

Mtunza Bustani
Kisa changu kilitokea kazini. Nilikuwa nikikata ua katika nyumba ya mgeni ambaye huja msimu wa kaskazi tu, na mbwa wa ulinzi, ambao kwa kawaida hufungiwa mchana, siku hiyo walikuwa wameachwa wazi. Meneja alinipeleka zahanati akalipa, kisha akaniambia kwamba mwajiri ameshamaliza wajibu wake. Binti wa jirani aliyeko chuo kikuu ndiye aliyenifahamisha kwamba anayeumia akiwa kazini ana sheria yake ya mwaka 2007, hii tunayoiita WIBA, na kwamba hatua ya kwanza si kufungua kesi bali ni kuripoti. Mwajiri anatakiwa kuijulisha ofisi ya usalama na afya kazini kwa maandishi ndani ya siku 7, na mfanyakazi ana miezi 12 ya kuwasilisha dai lake. Daktari aliandika kiwango cha ulemavu, maana kidole changu cha shahada hakikunjiki hadi leo, nami nikalipwa kwa kiwango hicho. Hazikuwa fedha za kujengea nyumba, lakini sikutakiwa kuthibitisha kwamba fulani alizembea.

Nahodha Mstaafu
Muuza samaki si mfanyakazi wa nyumba ile, kwa hiyo hilo halimsaidii. Ushauri wangu ni kwamba aende kwa Kadhi, jambo litatuliwe kwa heshima bila gharama za mawakili.

Karani wa Zamani
Nahodha, kwa heshima zote, Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya imeipa Mahakama ya Kadhi masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, na jeraha la mbwa halimo. Kadhi anaweza kuwapatanisha kama mzee anayeheshimiwa, lakini hukumu ya fidia hatatoa. Palipo na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa huko, mtu akajieleza mwenyewe kwa Kiswahili bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60.

Mama wa Majengo
Nimesoma habari ya huyo kijana na mikono ikanitetemeka, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kwa urefu.

Mwanangu alikuwa darasa la tatu. Alikuwa akitoka chuo cha Qur'ani jioni na juzuu yake kifuani, akipita barabara ya umma, mahali ambapo watoto wote wa mtaa wetu hupita. Lango la nyumba moja likafunguliwa ili gari litoke, na mbwa akatangulia mbele ya gari. Alimkamata paja, kisha alipoanguka akamkamata bega, na aliyemwokoa ni mgema aliyekuwa akipita, ambaye alimpiga mbwa kwa fimbo mpaka akamwachilia. Gari halikusimama.

Hospitalini tuliulizwa swali moja ambalo sikulitarajia: mbwa yuko hai, na anaweza kuangaliwa kwa siku 10 kama ana kichaa? Nikarudi mbio hadi langoni. Mlinzi alifungua kidirisha kidogo akaniambia, “Mama, hapa hapana mbwa.” Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao cha rangi nyekundu kilichoandikwa MBWA MKALI.

Usiku ule, mtoto akiwa na homa na baba yake akiwa baharini, alikuja msimamizi wa nyumba na bahasha, pamoja na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa kwa Kiingereza, akitaka niweke kidole gumba. Hakuuliza kama najua kusoma. Niliisoma yote mbele yake: ilisema kwamba nimelipwa kikamilifu na kwamba sitakuwa na madai yoyote milele. Nilimrudishia bahasha yake. Asubuhi nilikwenda polisi nikaandikisha, nikapata nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3 ya kuelezea majeraha, daktari akaijaza, na mgema yule, Mwenyezi Mungu amlipe, akaandika maelezo yake.

Baadaye wakili aliwaandikia barua ya madai. Majibu yao yalikuja kwa wakili wao, nayo yalikuwa na mambo mawili: kwanza, mbwa anayetajwa si wa nyumba ile, pili, hata hivyo mbwa huyo amechanjwa, na kadi ya chanjo imeambatishwa. Kadi ilikuwa na jina la mwenye nyumba, nambari ya kiwanja, na maelezo ya mbwa mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, kama alivyoeleza mgema. Wakili wangu alicheka mpaka akavua miwani. Hawakungoja siku ya kusikilizwa.

Mtunza Bustani
“Hapa hapana mbwa” chini ya kibao cha mbwa! Hawa walinzi hufundishwa wapi?

Kijana wa Ngala
Mama, walikulipa kiasi gani?

Mama wa Majengo
Fedha hizo ni za mtoto na ziko katika akaunti yake. Zilirudishwa gharama zote zenye risiti, na juu yake fidia ya maumivu na makovu.

Mvuvi wa Shela
Nampa pole mama, lakini tuseme haki. Aliyeweka kibao ameshaonya. Anayeumwa baada ya kuonywa amlaumu nani?

Karani wa Zamani
Kibao humwonya anayeingia uani, na mtoto alikuwa barabarani. Zaidi ya hayo, katika kanuni tulizozirithi kwa Waingereza, swali kubwa kuhusu mnyama wa kufugwa ni kama mwenyewe alijua kwamba ana tabia ya kudhuru, na mtu aliyeandika kwa mkono wake kwamba mbwa wake ni mkali atapata taabu kusema hakujua.

Mvuvi wa Shela
Kwa hiyo mwizi akiruka ukuta naye atadai?

Mama wa Muyeye
Mvuvi, tunazungumza juu ya mtoto aliyetoka chuoni. Mwizi umemleta wewe.

Karani wa Zamani
Mwizi atakuwa na kazi ngumu. Hata asiye mwizi, ikithibitika kwamba alimrushia mbwa mawe, hakimu anaweza kumbebesha sehemu ya lawama na kuipunguza fidia yake.

Ustadhi wa Pwani
Pamoja na hayo yote msisahau kwamba palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo.

Muuguzi wa Zamu
Ustadhi, kidonda kilicho wazi kikitiwa udongo ni kukaribisha pepopunda. Kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili ni nadra mno mtu kupona.

Ustadhi wa Pwani
Sikutaja kidonda. Nilikusudia mwili mzima na nguo, na mwenye jeraha ana ruhusa yake katika dini. Usinijibu kwa maneno ambayo sikuyaandika.

Muuguzi wa Zamu
Nimekuelewa, na tuyaache hapo. Ninachotaka kuongeza kinahusu dai lenyewe: kadi ya sindano ina tarehe za kila dozi, na tarehe hizo zinamwonyesha hakimu kwamba hukukaa nyumbani ukingoja fedha. Usiitupe baada ya dozi ya mwisho.

Kijana wa Ngala
Na nauli za boda? Boda gani atakuandikia risiti?

Mtunza Bustani
Mlipe kwa M-Pesa. Ujumbe wenyewe ni risiti, na gharama isiyo na ushahidi mahakama haiirudishi.

Nahodha Mstaafu
Mimi bado nasema bahasha ikija ichukuliwe. Kesi inaweza kukuzeesha, na kidonda kinahitaji dawa leo.

Mama wa Majengo
Nahodha, fedha za dawa pokea, lakini uandike wewe mwenyewe kwamba ni za dawa. Karatasi yao usiitie kidole.

Kijana wa Ngala
Kuna wakili ameniambia hatanitoza kitu nikishindwa, na nikishinda atachukua theluthi.

Karani wa Zamani
Makubaliano ya kulipwa ukishinda tu hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili, kwa hiyo mwombe akuandikie ada yake mapema. Na usilale: dai la jeraha kama hili lina miaka 3, likiwa dhidi ya serikali ni miezi 12. Mtoto muda wake hauanzi kuhesabiwa mpaka atimize umri wa utu uzima, ingawa mashahidi hawamngoji akue, na ndiyo maana mzazi hufungua kesi kwa niaba yake mapema.

Mwana wa Langoni
Nawasalimu kutoka Amu, yaani Lamu. Mbwa kwetu mjini ni wachache, lakini punda wa jirani amemng'ata shangazi yangu bega wakipishana kichochoroni, na jirani anashikilia kwamba punda hana akili, hivyo hakuna wa kulaumiwa. Je, sheria ni hiyo hiyo?

Karani wa Zamani
Swali ni lile lile: mwenyewe alijua? Ikiwa punda huyo amewahi kumng'ata mtu mwingine hapo mtaani, mtafuteni mtu huyo kabla hamjamtafuta wakili.

Mwana wa Langoni
Amewahi. Alimng'ata mwenyewe.