Nyumba ya babu Mkomani: tumuuzie Mzungu au tungoje ianguke?

BintiMkomani:
Assalamu alaykum. Baba alitangulia mbele ya haki mwaka jana, katuachia nyumba ya mawe ya ghorofa mbili hapa mji wa kale wa Lamu. Zidaka (vishubaka vya ukutani) za ndani bado nzima, lakini boriti za juu zimeliwa na ukuta wa upande wa msikiti umepasuka. Ndugu yangu mmoja yuko Mombasa, mwingine Doha, wote wanataka pesa. Dada yangu ndiye anayekaa humo na wanawe. Kwa ada zetu za zamani nyumba huwa ya binti akiolewa, ila baba hakuandika kitu.

Sasa amekuja mnunuzi kutoka Ulaya. Mtu wa adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Bei aliyotaja sijaisikia kwa Mwamu (mtu wa Lamu) yeyote. Anataka kuweka baraza la wageni darini, juu kabisa. Kutoka hapo utaona kiwanda cha jirani (uwanja wa ndani, si cha kutengeneza sabuni), wanawake wakianika nguo vichwa wazi. Wazee walijenga nyumba hizi zikiupa mgongo mtaa, na daka (kibaraza cha kupokea wageni) mlangoni, ili mgeni aishie pale.

Tangu 2001 tunaambiwa mji ni urithi wa dunia. Basi dunia ikitaka urithi wake, sisi tuhamie wapi? Nauliza kwa dhati, sitafuti ugomvi.

FundiChokaa:
Dada, nitasema usilolipenda. Bila nyumba za Wazungu wa Shela, kijiji cha jirani, kazi ya neru (lipu laini ya chokaa) ingekufa. Nimefunza vijana watatu kwa pesa zao. Sisi wenyewe tukipata shilingi twakimbilia saruji, nayo hufungia unyevu ndani na mawe ya matumbawe yakaanza kumung'unyika. Boriti nazo si kama zamani. 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa mikoko nilikaa kitako miezi. Ila mimi mwenyewe nimepanga chumba Wiyoni. Mji wa kale naingia na kikapu cha zana, natoka jioni.

MwanaShela:
Kwetu tuliuza nikiwa mdogo. Baba alinunua mashua na mashine, akaenda Hija, Alhamdulillahi. Mashua iliisha, mashine ikafa. Nyumba sasa imefungwa karibu mwaka mzima, na mlinzi ni binamu yangu. Nimewahi kuitwa kuifagia. Nilipangusa kidaka ambacho bibi aliwekea msahafu, sasa kina chupa. Sikusema kitu, nililipwa nikaenda zangu.

Malindi_Pwani:
Njooni Malindi muone. Sisi ni Kiitaliano tangu zamani, vijana wa ufukweni wanakiongea kuliko Kiingereza. Kazi zipo, siwezi kukufuru. Wageni wasipokuja msimu mmoja tu, mtaa mzima unakopa unga.

Mvuvi_wa_Manda:
Mnalilia zidaka! Bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa 2021, na mahakama ya Malindi ilishasema 2018 kuwa wavuvi tulipwe fidia kwa ajili yake. Bahari nayo ina warithi.

MzeeLangoni:
Mwanangu, kabla ya Mzungu tengenezeni mirathi. Mama yenu kama yu hai ana thumuni yake (moja ya nane), kinachobaki kila mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Kisha muulizeni Kadhi habari ya shufaa: mshirika ana haki ya kununua fungu kabla halijaenda nje. Kama hamna pesa, ijara. Mgeni akodishe miaka kadhaa, atengeneze kwa chokaa, darini pazuiliwe kwa maandishi. Na msiguse ukuta bila watu wa makumbusho. Mji wetu haukuanza jana kuona wageni. Sahani za Kichina zilipangwa kwenye zidaka hizo hizo. Lakini sahani zilikuja na sisi tukabaki.

BintiMkomani:
Shukran mzee. Mama yu hai, na thumuni yake hajaitaja mtu hata mmoja, mimi nikiwemo. Aibu.

Jana dada alimuuliza yule bwana swali moja tu: "Ramadhani utakuwa humu?" Akasema yeye huja Julai na Desemba. Dada akamtilia kahawa nyingine, hakuuliza tena.

Nitampigia wa Doha baada ya Isha nimpe habari ya ijara. Atakasirika. FundiChokaa, masika yanakaribia na ule ukuta hautangoja Kadhi. Ukijua mwenye boriti kavu, hata kumi, niambie bei.