Mheshimiwa, keki ukishaiuma hairudi kwenye trei!!!

Mpishi_wa_Lenana ameanzisha uzi

Jameni naandika mikono ikitetemeka, na unga bado uko kwenye kucha. Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule kiongozi wetu wa wanafunzi, wa suti ya buluu kwenye jua la saa saba, anayetembea na vijana wa kumbebea simu na maji.

LEO AMEUMA KEKI AKAIRUDISHA KWENYE TREI.

Nirudie kwa wale wanaosoma wakiwa wamesimama kwenye matatu. Alichukua keki. Akauma. Akatafuna akiangalia juu, ati anafikiria. Akairudisha. Kwenye trei! Katikati ya zile nzima, upande ulioumwa ukitazama wateja.

Sisi klabu ya mlima tunachanga nauli na kiingilio cha mbuga twende Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya, kupitia njia ya Naro Moru. Hosteli hata koili ya chai ukikamatwa nayo ni kesi, kwa hivyo tulienda kuokea kwa shangazi Kayole. Sufuria kubwa, mchanga chini, makaa juu ya kifuniko, usiku kucha. Nimepiga chafya ikatoka majivu. Mayai nilifuliza, yaani mkopo wa M-Pesa. Trei zilitoka kwa mafundi wa Kamukunji. Tukanunua hadi mifuko ya khaki kwa sababu plastiki ilipigwa marufuku 2017 na sisi ni watu wa kufuata sheria. Keki moja 30, mbili 50. Foleni ikafika mlango wa maktaba. Foleni! Chuo hiki, watu wakielekea upande wa maktaba kwa hiari yao!

Halafu mheshimiwa huyo, anapita wote. "Wacha nionje kama zinafaa watu wangu." Watu wako wapi? Uliwazaa lini?

Akauma. Akasema kwa ile sauti yake ya mkutano, "Hii imekauka." Akairudisha.

Kulikuwa na msichana mbele kabisa ameshika noti ya mia. Akaitazama keki, akaikunja ile mia mara mbili, akairudisha nyuma ya kava ya simu, akasema "nitapitia baadaye". Wote tulijua hiyo baadaye haipo. Foleni ikayeyuka.

Na ile alama jameni! Meno ya juu yamejipanga vizuri, kisha kapengo, kisha ganda la limau linaning'inia pale ukingoni. Polisi wakipewa hiyo keki wanamkamata kabla ya chai ya saa nne.

Hata kanjo, askari wa kaunti, ana utu. Kanjo akikuvamia anabeba mzigo wote, anatupa ndani ya gari, anaenda. Haumi kisha akurudishie.

Na hajalipa. SHILINGI THELATHINI.

KondaMstaafu
Swali langu ni moja tu. Ilikuwa imekauka au haikuwa imekauka?

Mpishi_wa_Lenana
ALIUMA AKAIRUDISHA.

KondaMstaafu
Bado sijasikia ukikataa.

BintiWaFoleni
Nilikuwa hapo, nyuma ya huyo msichana wa mia. Imekauka si sana. Kilichonishinda ni ladha ya makaa. Nilidhani ni keki ya kuchoma, nikangojea kachumbari.

Mpishi_wa_Lenana
Wewe ulikula nne za kuonja!!

BintiWaFoleni
Lakini sikurudisha.

Baridi_Ya_Limuru
Mnataka kupanda Lenana, mita 4,985, usiku, barafu, hewa hakuna. Na keki moja iliyoumwa imewaangusha hapo maktaba. Kaeni tu Uhuru Park mpande ngazi.

SiMjumbeMimi
Hamtaki kusikia ukweli. Tangu ile sheria ya vyuo vikuu ya 2016 itupokonye kura ya moja kwa moja, viongozi tunaletewa na wajumbe. Wajumbe wenyewe hununuliwa kwa soda na keki. Sasa mnashangaa mtu akiona keki anadhani ni yake?

Unga_Umepanda
Huyu si ndiye 2024 alikuwa anapiga kelele mkate usiwekewe VAT ya asilimia 16? Kumbe alikuwa anautetea ili aje aume bila kulipa.

Mpishi_wa_Lenana
Asante! Mtu mmoja ameelewa! Na alipouma alifunga macho, jameni, ALIFUNGA MACHO. Mtu hufungi macho kwa kitu kilichokauka.

Soprano_Mchungu
Afadhali nyinyi mliumwa keki hadharani. Sisi wa kwaya tuliuza samosa, jamaa akachukua kumi, akatuonyesha meseji ya M-Pesa kwenye simu yake. Tukamshukuru, tukamwongezea na ndimu. Jioni kuangalia simu ya mweka hazina, hakuna kitu. Meseji aliichapa mwenyewe! Na jinsi alivyo na kiburi, akajiwekea salio la mamilioni.

KondaMstaafu
Meseji inasomwa kwenye simu ya anayepokea, si ya anayetuma. Hata mtoto wa kibanda anajua. Mnasomea nini huko?

Baridi_Ya_Limuru
Samosa za kwaya? Zile za hewa? Nilinunua moja, nikauma pembe ya kwanza, upepo. Pembe ya pili, upepo. Pembe ya tatu nikapata dengu mbili zinazungumza.

Soprano_Mchungu
Tuliandika "samosa". Hakuna mahali tuliandika nyama.

Unga_Umepanda
Dengu ni sawa. Adui ni waru, yaani viazi. Mtu anayeweka waru ndani ya samosa afunguliwe uzi wake.

BintiWaFoleni
Waru iko na makosa gani? Bajia ni waru na mnakula mkilamba vidole.

SiMjumbeMimi
Mnapigania samosa na hamjaona kile kibanda cha nyuma ya hosteli. KDF, yale maandazi yenye jina la jeshi, zimekonda, utadhani zimerudi jana kutoka mazoezini. Bei ni ile ile. Nikamuuliza mama, akaniambia nikale maktaba.

KondaMstaafu
KDF ya zamani ukila moja asubuhi unafika jioni. Ukiangusha kwa mguu unaenda hospitali.

Unga_Umepanda
Hiyo ni ngumu, lile andazi lingine, si KDF. Tusichanganye.

KondaMstaafu
Kijana, usinifundishe KDF.

Mpishi_wa_Lenana
Jameni turudi kwa keki.

SiMjumbeMimi
Keki gani?

Mpishi_wa_Lenana
ILIYOUMWA IKARUDISHWA.

Baridi_Ya_Limuru
Iko wapi sasa? Kama haina mwenyewe, mimi sina kinyaa, naweza kulipa kumi.

Mpishi_wa_Lenana
Nimeifunga kwa khaki. Ni ushahidi.

Baridi_Ya_Limuru
Kumi na tano.

Mtulivu254
Samahani nimefika kwa kuchelewa, sijasoma yote. Hiyo sufuria kubwa ya Kayole ni saizi gani? Tuna harusi ya binamu Jumamosi na pilau ni ya watu wengi.

Soprano_Mchungu
Nenda ukodishe kwa wale wa mahema, wanakupa na viti.

Mtulivu254
Wale wanataka amana na kitambulisho. Kitambulisho changu kiko kwa mlinzi wa jengo fulani, hiyo nayo ni hadithi ndefu.

Mpishi_wa_Lenana
Shangazi anakodisha mia mbili kwa siku, na mwiko mkubwa wa pilau ni bure. Makaa ujiletee. Uje mapema, Jumamosi chama chake pia kinaitaka.