Njiti wa miezi 9 hajakaa mwenyewe, nimpe rufaa?

nesi_mtarajiwa: Wakuu habari, niko fildi kliniki ya watoto, kuna mama kaja na mtoto miezi 9 hajakaa bila kushikiliwa, mamkwe kashaanza maneno kwamba kalogwa. Kazaliwa njiti wiki 32, anacheka, anageukia sauti, ukimpa kijiko anakihamisha mkono huu kwenda huu. Rufaa au nisubiri?

SistaWaRCH: Mdogo wangu rekebisha umri kwanza. Mimba kamili ni wiki 40, huyu kawahi wiki 8, so kimakuzi ana kama miezi 7, na unarekebisha hivyo mpaka afike miaka 2. Viwango vya WHO vinasema watoto wanaanza kukaa wenyewe kati ya miezi 4 na 9, bado yuko ndani kabisa. Ila chanjo anapata kwa umri wa kuzaliwa, hapo usichanganye!!

kaka_nesi: Naongezea, mshike kwapani umnyanyue, miguu ikikakamaa na kupishana kama mkasi, au mkono mmoja ngumi muda wote, hapo mpeleke kwa daktari leo leo. Na kadi je? Mstari wa uzito ukilala ni shida hata kama mtoto anacheka. Mzunguko wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, ukiwa chini ya sm 11.5 ni utapiamlo mkali.

nesi_mtarajiwa: Miguu laini, mkono sm 13.4, mstari unapanda. Asanteni sana

SistaWaRCH: Safi, arudi mwezi ujao. Mama awe anamlaza kifudifudi mkekani akiwa macho, na huyo mamkwe muite ndani aone unavyopima.